Mwanga Usio na Kazi

Quebrada Larga, 4 Machi 2023

Mwanangu Yasna,

Salamu kwanza. Hujambo huko La Serena? Kile kikohozi cha pwani kimekuacha, au bado unalala dirisha wazi kama mtu asiye na mama? Mimi sijambo, ukiacha goti, na goti lenyewe nimeshalizoea kama jirani mkorofi. Mbuzi wanatoa maziwa kiduchu kwa sababu ya ukame, ila jibini napata. Nimekuwekea mbili kwenye kapu la don Baudilio. Mwambie asiziweke juu ya injini ya basi. Mwaka jana alikuletea supu.

Sasa sikia kituko. Juzi walikuja watu watatu kwa gari jeupe, wakapanda kilima kilicho mkabala na nyumba yetu. Jua lilipozama wakatoa kidude kama redio ndogo, wakakielekeza juu. Nikawauliza, "Mnatafuta mawimbi ya simu? Hapa hata ukipanda juu ya mbuzi haishiki."

Mmoja akacheka. "Hapana, mama. Tunapima giza."

"Na mmelikuta?"

"Tele! Giza lenu hili ni mali."

Yasna, marehemu baba yako alikufa akiwa mwenyekiti wa kamati ya kuomba umeme. Miaka nenda rudi anaandika barua, anavaa tai, anakwenda kusimama mbele ya madirisha ya watu. Umeme umefika hata miaka kumi haijapita, na sasa ndiyo wanakuja kutuambia giza lilikuwa mali! Nilicheka mpaka goti likaniuma.

Lakini kabla hawajaondoka yule mwenye kidude akauliza, "Ile taa kule kwenye kona ni ya nani?" Nikamwambia ni ya mwanangu. Akaandika. Sikupenda alivyoandika, upesi upesi bila kuuliza jina.

Je, hao ni watu wa ofisi yako? Nieleze. Kaka yako nimeshampa salamu zako. Kila jioni nikienda kufuta vumbi kwenye animita yake, kile kijumba cha bati chenye taa tulichomjengea pale konani, namweleza habari zako zote, hata ya koti jipya. Tangu lori limpindukie Eliecer pale, huu ni mwaka wa sita na sijakosa jioni hata moja.

Kula vizuri.

Mama yako

---

La Serena, 13 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha, usihofu. Jibini zimefika na ni moja tu iliyotoa jasho. Goti ulipake ile dawa niliyokuletea, usiwapake mbuzi.

Ndiyo, Mama, ni watu wetu. Nilitaka nikueleze mwenyewe wakanitangulia. Mkoa unatafuta wawekezaji wa mambo mawili, na mimi ndiye niliyeandika andiko la bonde letu. Nimelipigania kama kichaa. La kwanza ni utalii wa nyota. Pale kilimani vitajengwa vyumba vya kuba la kioo, mtu analala kitandani anatazama nyota. Kuna watu wanatoka mbali sana kutafuta giza, Mama, kwao limekwisha. La pili ni kiwanda cha kurejeleza taka, kule kwenye ghala la zamani la zabibu. Kitasaga plastiki zilizotapakaa barabarani na yale matairi ya migodini yaliyo makubwa kuliko jiko lako, kitengeneze vigae na vitofali vya njia. Mambo haya yanakwenda pamoja, kwa sababu mtu anayelipa aone anga safi hataki kuona uchafu chini.

Fikiria. Shule imefungwa. Binamu yangu Rigo anakata zabibu za watu msimu mmoja, mwaka uliobaki anafukuza nzi. Huu mradi ukipita watu watarudi nyumbani.

Kutakuwa na mkutano shuleni mwezi ujao. Nenda, tafadhali, na uwapelekee jibini. Ukiwaonjesha jibini yako nusu ya kazi imekwisha.

Binti yako,
Yasna

---

Quebrada Larga, 9 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Huku baridi imeanza kupiga hodi. Sisi wazima, mbuzi mmoja amekufa, yule mwenye pembe moja uliyempa jina la mwalimu wako.

Nilikwenda mkutanoni. Nilivaa viatu vya kanisani nikijua utakuja. Hukuja. Alikuja kijana wa ofisini kwenu na hotuba uliyoandika wewe, pamoja na bwana wa Santiago mwenye pesa, don Cristóbal, mtu mpole mwenye kofia mpya ambayo bado imesimama wima kama sufuria.

Hortensia wa jirani hakumpa hata nafasi ya kukaa. "Kwa hiyo mnataka kutuuzia giza letu wenyewe?"

Rigo akamjibu kutoka nyuma, "Wewe unalala saa moja, giza utalinunua saa ngapi?"

"Nyamaza, mla nzi! Namuuliza mwenye kofia."

Watu wakacheka, don Cristóbal naye akacheka, akala jibini, akaomba nyingine. Aliongea vizuri, siwezi kusema uongo. Alisema hatanunua ardhi, atapanga, na atakaowaajiri ni wa hapa hapa. Nilimwona Rigo akikaa wima kama mtoto siku ya ubatizo.

Ndipo kijana akasoma maneno yako. Akafika mahali panaposema kwamba ili anga lipate hati ya ubora, kila mwanga usio na kazi uzimwe. Rigo akauliza ni upi huo mwanga usio na kazi. Kijana akataja taa ya uwanja wa shule, kwa kuwa shule imefungwa. Akataja ya kituo cha basi. Halafu akasoma, "na taa ya kilometa thelathini na moja."

Hata Hortensia aligeuka kunitazama kwa huruma, na wewe unamjua Hortensia. Yule kijana akainua macho, maskini, hajui amesema nini. Mimi nikachukua sahani yangu nikaondoka.

Nakuuliza, Yasna, wewe uliyesoma. Taa ya kaka yako ina kazi au haina?

Mama yako

---

La Serena, 20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na hadi sasa sijaweza kukaa vizuri. Nisamehe. "Mwanga usio na kazi" ni maneno ya kitaalamu, yamo katika kila andiko la namna hii, sikuyatunga mimi. Nilipaswa kuyasoma kwa sikio lako kabla ya kuyatuma. Na sikuja kwa sababu kulikuwa na kazi.

Nimeuliza kama tunaweza kuweka balbu ya rangi ya asali yenye kifuniko, iangaze chini tu. Wamesema kona iko mbele kabisa ya kilima, kila mgeni atakayelala pale ataiona usoni mwake. Don Cristóbal ataamua Agosti, baada ya kupima mara ya pili. Kuna mabonde mengine mawili yanayomtaka.

Basi nina wazo, usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Tumjengee Eliecer kijumba kipya kule makaburini, cha vigae vya bluu, chenye mlango. Nitalipa mimi. Kule kuna ukuta, unaweza kuwasha taa usiku kucha isimsumbue mtu. Na hata hivyo, Mama, Eliecer yuko kule. Hayuko barabarani.

Jibu upesi, nakuomba.

Yasna wako

---

Quebrada Larga, 2 Mei

Yasna,

Natumai u mzima. Mimi mzima.

Usinifundishe mwanangu alipo. Makaburini nilizika mwili, tena nilimvika soksi mwenyewe. Lakini mtu anapokatika ghafla barabarani, roho yake hubaki pale ilipoachwa imeduwaa. Ndiyo maana tunamjengea nyumba palepale. Animita haihamishwi. Ukiihamisha umehamisha bati.

Na kuna jambo hulijui, kwa sababu hukuuliza. Siku ile hakufa mara moja. Alibanwa ndani ya lori asubuhi nzima akiomba maji. Madereva waliosimama walikuwa wameambiwa mtu aliyeumia hapewi maji, ni hatari, nao wakatii. Walimshika mkono, wakamfunika kwa koti, maji hawakumpa. Alikufa na kiu. Wale madereva hawajajisamehe. Kila anayepita hupiga honi na kumwachia chupa ya maji, na wengine wamefuata desturi hiyo bila hata kumjua. Siku hizi chupa zimepangwa kama ukuta kuanzia kijumbani hadi kwenye mtaro. Wanaandika juu yake. "Kunywa, Eliecer." "Tumefika salama, Eliecer, asante."

Hujui haya kwa sababu hujawahi kufika. Unapokuja kunisalimia unashuka basi mjini, unakodi gari na kuzunguka njia ya mlimani, vumbi tupu, ili usipite kwenye kona. Don Baudilio ameniambia. Nilikuwa nimenyamaza nikidhani utaniambia mwenyewe.

Kwa nini, mwanangu? Ulimpenda kuliko sisi sote.

Mama

---

La Serena, 6 Juni

Mama,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Huku ni kazi juu ya kazi. Nakutumia sweta na dawa ya goti. Kiwanda kitaanza mwezi ujao, majaribio tu, kabla ya mambo ya kilimani. Rigo amepata kazi kwenye mashine ya kusaga. Alinipigia simu kutoka mjini akilia kwa furaha.

Mambo ya kona tutazungumza nikija.

Yasna

---

Quebrada Larga, 12 Julai

Yasna,

Leo sikusalimu.

Jumatatu gari jipya la kiwanda lilipita na wafanyakazi wawili kutoka chini bondeni, watu wasiotujua. Walisimama kwenye kona. Walifungua chupa moja moja, wakamwaga maji mtaroni, wakazikanyaga, wakazitia kwenye magunia. Nilikuwa machungani. Nilipofika nilikuta mbuzi wangu wakilamba udongo uliolowa na kijumba kimesimama peke yake. Walikuwa wamepafagia, Yasna. Waliacha hata alama za ufagio.

Rigo alikuwa mashineni. Nilipofika mlangoni kwake sikumtambua, alikuwa mweupe kama unga. Anasema magunia ya kwanza yalipita bila yeye kutazama. Kisha akaona chupa imeandikwa jina la binamu yake, akaizima mashine. Ameokoa chache, ziko kwenye kreti. Zilizobaki zimeshakuwa vipande.

Nikamuuliza, "Nani aliwatuma pale?"

"Ramani ya taka, shangazi."

"Ramani haina miguu. Ya nani?"

Alizungusha kofia mkononi mpaka nikataka kumnyang'anya. "Ya Yasna. Ameandika 'jalala, chupa nyingi'. Kwa mwandiko wake."

Nilikuambia mwezi wa tano. Nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba yale ni maji ya kaka yako.

Alikufa na kiu, na sasa dada yake amemnyang'anya maji.

Nolvia

---

La Serena, 20 Julai

Mama yangu,

Sijui kama una nia ya kunisoma. Shikamoo, hata kama huitaki.

Nitakueleza ilivyokuwa bila kuremba. Ramani ya kuonyesha palipo na taka niliichora Februari, kabla hujaniandikia lolote. Niliichora hapa mezani, kwa picha zilizopigwa kutoka juu. Niliona kitu cheupe kinameta kando ya kona nikaandika jalala. Nilijua ni kona gani. Niliandika upesi, nikageuza ukurasa, kwa sababu kuitazama hata kutoka mawinguni siwezi. Ningekuwa nimepita pale hata mara moja ningejua ni nini.

Barua yako ya Mei ilipofika nilielewa palepale nilichofanya. Nilipaswa kwenda kwa mkuu wangu siku ileile nikasema, futa hapo, ni mahali pa kaka yangu. Hapa ofisini hakuna anayejua kama nilikuwa na kaka. Nikisema jina lake sauti inakatika, nami nina aibu ya kulia mbele yao. Nikajiambia nitaifuta nikipata wasaa, kimya kimya. Nikaifuta nakala yangu. Ya kiwandani ilikuwa imeshakwenda, na sikufuatilia.

Umeuliza kwa nini nazunguka mlimani. Nikiiona kona nitajua amekufa. Ndiyo sababu, sina nyingine. Huku mjini naweza kujidanganya kwamba yuko safarini na lori lake.

Leo nimefanya jambo. Nimemwambia mkuu wangu kila kitu, nimelia, sikufa. Nimemwandikia don Cristóbal kwamba taa ya kilometa thelathini na moja haizimwi, na kwamba andiko la bonde letu naliondoa. Ataenda bonde jingine. Kiwanda peke yake hakitasimama bila kuba, kwa hiyo nacho kitafungwa, na mimi sidhani nitabaki na kazi hii. Sijali. Taa yako iache inawaka, hakuna atakayeigusa.

Usinijibu kama huwezi. Lakini vaa sweta.

Yasna

---

Quebrada Larga, 13 Agosti

Mwanangu Yasna,

Hujambo? Umekula? Unalala? Barua yangu iliyopita haikukuuliza hata moja la haya, na hilo limeninyima usingizi kuliko chupa zote. Mimi ni mzima. Sweta nimevaa, mikono ni mirefu, mbuzi wanaitafuna.

Habari zako zilifika kabla ya barua. Hortensia alikuja asubuhi, akakaa jikoni. Nikamchemshia chai.

"Nasikia kuba zinakwenda kwingine."

"Zinakwenda."

"Kwa ajili ya taa."

"Kwa ajili ya taa."

Nilisubiri anitukane, nimjibu, tupumue wote wawili. Hakutukana. Alikunywa chai yake yote kisha akasema, "Mjukuu wangu alikuwa amesharudi kutoka Calama. Ameshafungua na mizigo." Akaosha kikombe mwenyewe, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Jioni akaja Rigo na kreti yake. Tulizipanga upya chupa alizookoa, yeye na mimi. Kisha akasema, "Shangazi, mimi siwezi kukuambia uizime. Lakini siwezi kukuambia sina njaa." Nilimpenda kwa kusema hivyo, na nilimchukia pia.

Madereva nao wamejua. Walitaka kufunga barabara magari ya kiwanda yasipite, nikawakataza. Wameleta maji mengine, mpaka yamepita yale ya zamani. Nikamuuliza mmoja wao, yule mnene aliyemfunika Eliecer kwa koti, kama taa ikizimika wataendelea kusimama. Alinitazama kama nimemtukania mama. "Doña Nolvia, sisi tunasimama kwa ajili yake. Kwani tulikuwa tunasimama kwa ajili ya taa?"

Maneno hayo yalinikaa kifuani siku kadhaa. Jumamosi nikaenda kwa kaka yako mapema, na kiti changu. Nikamweleza yote, na ya ramani nikamweleza. Nikamwambia, dada yako anataka kutupa kazi yake kwa ajili yako, na wewe ulikuwa humalizi mkate wako kabla hujamkatia yeye. Nikamwambia kuhusu mjukuu wa Hortensia. Nilikaa nikisubiri nijisikie vibaya moyoni, maana akikataa huwa najua. Nilijisikia vibaya, ndiyo, lakini ilikuwa ni mimi, haikuwa yeye. Aliyekuwa anaogopa giza ni mimi, Yasna. Miaka yote hii nilisema naiwasha ili asipotee. Niliiwasha ili nikiamka usiku niangalie dirishani nione kwamba kuna mtu.

Nikaizima. Nimeing'oa na waya wake, iko hapa chini ya kitanda.

Usiku ule sikulala. Niliamka nikaangalia dirishani, hapakuwa na kitu, nikalia kama siku ya kwanza. Nimezaa watoto wawili, na kwa miaka sita nimekuwa nikimwandalia kitanda yule asiyelala, huku wewe unazunguka milima peke yako na mimi nimekununia. Sijui kama nimefanya vizuri. Wala usiniandikie kwamba nimefanya vizuri, kwa sababu wewe pia hujui.

Mwandikie mwenye kofia kwamba taa imezimwa na mwenyewe, aje apime. Kama amechelewa, amechelewa. Kijumba kinabaki palepale. Chupa zinabaki. Si taka, na atakayezigusa nitampiga teke kwa goti hili hili bovu. Rigo atachukua zile zilizopasuka tu, tumekubaliana.

Kila jioni bado nakwenda, hilo halibadiliki. Ila sikuwa nimefikiria njia. Kutoka mlangoni hadi kule ni mawe matupu, na nilikuwa nikitembea nikiifuata ile taa. Jana nilianguka. Si sana, mkono umechubuka tu, usimwambie don Baudilio.

Peke yangu sioni njia. Njoo unishike mkono, twende wote.

Mama yako